Tufani ya 1872: Siku Iliyohamisha Karafuu kutoka Unguja kwenda Pemba

Kila Alkhamisi asubuhi, mtu akipita katika soko letu la Sinaw, baina ya mnada wa ngamia na mbuzi na maduka ya fedha na majambia, hakosi kusikia Kiswahili. Wazee wawili watatu wamekaa kivulini na vikombe vya kahawa, na mmoja akimuuliza mwenzake kwao wapi huko Afrika, jibu ninalolisikia mara nyingi ni "Pemba". Wengine hutaja Wete, wengine Chake Chake, wengine Mkoani au shamba lisilojulikana na mtu ila aliyezaliwa huko. Wa Unguja wapo, lakini katika baraza zetu sisi watu wa Pemba tumewazidi.

Kwa muda mrefu jambo hili lilinishughulisha. Wazee wetu wa Sharqiya waliovuka bahari zama za Seyyid Said bin Sultan hawakwenda Pemba kwanza. Wengi walishukia Unguja. Huko ndiko kulikokuwa na mji, bandari, forodha na mashamba ya mwanzo ya mikarafuu. Basi ilikuwaje vitukuu vyao wakazaliwa Pemba? Nilipokuwa kijana nilimuuliza bibi yangu mzaa baba. Alinijibu kwa maneno machache, kwamba upepo uliikata mikarafuu ya Unguja ukairuka ya Pemba, na watu wakaifuata karafuu ilikobaki. Nilidhani ni hadithi ya wazee. Baadaye, nilipoanza kusoma historia kwa kazi, nikaona kwamba bibi alikuwa akinisimulia tukio lenye tarehe: Jumatatu, 15 Aprili 1872, mwanzoni mwa mwezi wa Safar 1289 Hijria, ule uitwao na Waswahili Mfungo Tano.

Makala hii ni juu ya tukio hilo: lilivyokuja, lilivyopiga, na lililoyaacha nyuma. Nia yangu nyengine nitaieleza mapema, ili msomaji asije akadhani nimemvizia. Sisi tuliotoka kule tumezoea kuisimulia tufani hii kama msiba wa wenye mashamba. Msiba ulikuwepo, sikatai. Lakini bili yake haikulipwa na wenye mashamba peke yao, na mwenye kuandika historia hana budi kuitaja na mikono iliyopanda upya kile kilichong'olewa.

Zanzibar kabla ya tufani

Mikarafuu ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Mascarene katika mwongo wa pili wa karne ya 19. Jina linalotajwa katika kuileta ni la Saleh bin Haramil al-Abri, na miche ya mwanzo ilistawi Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said akaifanya karafuu kuwa mali ya dola. Akapanda yeye, wakapanda jamaa zake, wakapanda Waarabu waliotoka Oman, na wengi wa hawa walikuwa watu wa Sharqiya: Maharthi, Mabarwani, Maskari na makabila mengine tunayoyajua kwa majina yao mpaka leo Ibra, al-Qabil na Mudhairib. Baada ya kufa kwake mwaka 1856 dola iligawika, na hukumu ya mwaka 1861 iliyotolewa na Lord Canning, mtawala wa Waingereza huko Bara Hindi, ikaithibitisha Zanzibar kuwa mbali na Maskati, kwa sharti Zanzibar iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka.

Seyyid Barghash bin Said alikalia kiti Oktoba 1870, na alirithi nchi yenye majeraha. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimetoka kuua watu kwa maelfu mjini na mashambani. Hazina ilikuwa na deni kubwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokodi forodha. Bei ya karafuu nayo ilikuwa dhaifu kwa miaka mingi, kwa kuwa kila mtu alipanda na mazao yakazidi haja ya soko. Wenye mashamba wengi walikuwa wameshaweka rehani mashamba yao ili wapate fedha za kutumia baina ya msimu na msimu. Hii ndiyo nchi iliyokutwa na upepo ule. Tufani ikimpiga mtu mwenye akiba, humrudisha nyuma. Ikimpiga mwenye deni, mara nyingi humtoa shambani kabisa.

Upepo usiotazamiwa

Watu wa mwambao waliijua bahari yao. Kaskazi huvuma kutoka Novemba au Disemba mpaka Machi na huleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili na huyarudisha. Baina yao kuna masika. Manahodha wa Sur walizisafiri pepo hizi kama mtu anavyotembea njia ya nyumbani kwake. Lakini tufani kubwa, ile inayozunguka na yenye jicho katikati, haikuwa katika hesabu yao ya Zanzibar. Waliijua bahari ya Masirah na Ras al-Hadd kwa mambo hayo, ama si bahari ya Unguja.

Sababu yake wanaijua wenye elimu ya hali ya hewa. Tufani ya namna hii hulishwa na maji ya moto ya bahari, lakini haiwezi kujipinda na kuwa gurudumu bila ya msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta, na penye Ikweta yenyewe haupo. Unguja iko kwenye digrii 6 tu kusini ya Ikweta. Vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini hupita mbali, vikapiga Mauritius, Réunion, Madagascar na Msumbiji. Kuja mpaka Unguja ni nadra sana, lakini nadra si muhali. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kiliupiga mji wa Lindi kusini ya Tanganyika kikaua watu. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika Mafia. Vyote hivi vimetokea ukingoni mwa msimu, Aprili na Mei, wakati maji ya bahari bado yana moto na watu wamekwisha kudhani hatari imepita.

Dk. John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza mjini Zanzibar, alikuwepo siku hiyo na aliandika taarifa. Kwa mujibu wa waliokuwepo, upepo ulianza kuzidi kutoka upande wa kusini, ukaja na mvua nzito, na Jumatatu ukawa tufani. Kisha ukatulia kwa muda. Mtu asiyejua angefungua mlango akatoka kumshukuru Mungu. Halafu ukageuka ukavuma kutoka kaskazini kwa nguvu ileile au zaidi.

Mgeuko huu unatueleza lililopita juu ya kisiwa. Upande wetu wa kusini wa dunia, upepo wa tufani huzunguka kama mishale ya saa. Ikiwa tufani inakuja kutoka mashariki, aliye mbele yake hupigwa na upepo wa kusini. Jicho likifika, kunakuwa kimya. Likishapita, yuko nyuma yake na upepo humjia kutoka kaskazini. Kwa maneno mengine, Unguja haikuguswa na pindo la tufani, kiini chake kilipita juu yake au karibu yake mno. Na kwa kuwa tufani za namna hii zilizo karibu na Ikweta aghalabu ni ndogo kwa upana hata zikiwa kali, Pemba, iliyo kiasi cha kilomita 50 tu kaskazini-mashariki, ilisalimika. Hapo ndipo ulipo ukweli wa maneno ya bibi yangu kwamba upepo uliiruka Pemba.

Bandarini

Upepo ulipogeuka, bandari ilikuwa mahali pabaya pa kuwepo. Mji wa Zanzibar unaelekea magharibi, na vyombo hutia nanga mbele yake baina ya Shangani na visiwa vidogo vya Changuu, Chapwani na Bawe. Chombo kilichojikinga na upepo wa kusini kilikuwa wazi kwa upepo wa kaskazini. Na Aprili si mwezi wa bandari tupu. Ndio mwezi ambao majahazi yaliyokuja na kaskazi hungoja kusi ishike ili yapakie na kurudi. Majahazi ya Sur, ya Maskati, ya Kutch, na mitepe ya Lamu, yote hukusanyika wakati huo. Nanga zilikokotwa, vyombo vikagongana, na vilivyobaki vizima vikatupwa pwani.

Manowari na meli za Seyyid Barghash zilikwenda pamoja navyo. Mojawapo ina historia ambayo wengi hawaijui. Iliitwa El Majidi, kwa jina la Seyyid Majid, lakini haikuzaliwa na jina hilo. Iliundwa Scotland kwa jina la Sea King, kisha ikawa manowari Shenandoah ya majimbo ya kusini ya Marekani katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ikazunguka dunia ikichoma meli za kaskazini, na ikajisalimisha Liverpool mnamo Novemba 1865, miezi baada ya vita kwisha. Seyyid Majid akainunua mwaka 1866. Meli iliyopigania majimbo yaliyotaka kuendelea kuwatumikisha watu ikaja kutia nanga mbele ya mji wenye soko la watumwa, na upepo ukaitupa pwani pamoja na meli nyengine za Sultani. Katika meli kubwa zilizokuwepo, inayotajwa kuwa ilisalimika ni stima ya Kiingereza Abydos, iliyokuwa imewaleta watu waliotumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kumtafuta Livingstone.

Aliyekuwa akimtafuta Livingstone kabla yao, Henry Morton Stanley, alikuwa bado bara, njiani akirudi pwani. Aliivuka mbuga ya Makata ikiwa bahari ya matope, na akaukuta mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, umebomolewa kwa sehemu na mafuriko ya mto Ngerengere. Njiani alipewa habari kwamba Zanzibar nyumba zote na meli zote zimekwisha isipokuwa meli moja. Hivi ndivyo habari zinavyosafiri. Nyumba zote hazikwisha. Nyumba za mawe zilibaki nyingi, ingawa mapaa yaliharibika. Zilizokwenda zaidi ni za udongo na makuti, yaani za maskini. Mrima nao haukusalimika: Bagamoyo, majengo ya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, yalibomolewa, na hapo walikuwemo watoto waliokombolewa utumwani. Stanley alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, wiki tatu baada ya tufani, na barua za Livingstone mkononi. Tutaona kwamba barua hizo nazo ziliingia katika hesabu ya tufani.

Mashambani

Kirk alikadiria kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangamia. Ni makadirio ya mtu mmoja baada ya msiba, si hesabu ya mti kwa mti, lakini mambo yaliyofuata hayaikanushi.

Aliyekua katika shamba la karafuu anaweza kuliona jambo hili bila ya kuambiwa. Mkarafuu ni mti wenye majani mengi yanayoushika upepo, na tawi lake huvunjika upesi. Kila mchumaji analijua hilo, na Pemba kila msimu watu huanguka. Mnazi hujua kuinama. Mkarafuu hauinami, hung'oka au hupasuka. Na ukishang'oka, mche mpya hautoi karafuu za maana kabla ya miaka sita mpaka minane. Basi aliyepoteza shamba Aprili 1872 alikuwa akitazama mwaka 1880 kwa macho ya mtu anayedaiwa mwezi ujao.

Nyumbani kwetu kulikuwa na karatasi moja ya Kiarabu, imekunjwa mara nyingi mpaka imekatika penye mikunjo. Ni hati ya rehani ya shamba la Unguja la babu wa babu yangu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangazwa na hesabu ya miti iliyoandikwa: minazi kidogo, mikarafuu michache, na "ardhi". Mtu haweki rehani ardhi tupu kama ana miti. Nilipoitazama tarehe, mwaka 1290, nikafahamu. Shamba lile halikukombolewa. Yeye akavuka kwenda Pemba na wanawe wawili, akaanza upya kwa mkopo mwengine.

Hakuwa peke yake. Karafuu zilipopungua sokoni bei ilipanda, na aliyekuwa na miti Pemba alipata faida ambayo hakuitazamia. Pemba ina vilima, mvua nyingi na udongo mzuri, na karafuu ilikuwa imeshaanza kupandwa huko tangu siku za Seyyid Said, baada ya kisiwa kutoka mikononi mwa Mazrui. Kwa hivyo si kweli kwamba tufani ndiyo iliyopeleka karafuu Pemba. Iliikuta huko. Lililofanywa na tufani ni kuligeuza tawi kuwa shina. Tangu wakati ule mpaka leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar. Na Pemba, tofauti na Unguja, Wapemba wenyewe walibaki na ardhi yao na wakapanda mikarafuu yao, wakawa majirani na wakwe wa Waarabu waliohamia. Wengi wetu tuliozaliwa huko tuna bibi wa Kipemba, na Kiswahili chetu tumekinyonya kwao.

Nani alipanda upya?

Hapa nafika pahala ambapo masimulizi yetu ya baraza aghalabu hukatika. Twasema, "Wazee wetu walipanda upya." Vipi? Shamba moja la mikarafuu lataka watu wa kusafisha msitu, kuchimba mashimo, kubeba maji, kupalilia miaka sita bila ya faida, kisha kuchuma kwa haraka karafuu zisije zikachanua. Wazee wetu hawakuyafanya haya kwa mikono yao. Yalifanywa na watumwa waliotolewa bara, Wanyasa, Wayao na wengineo, ambao kipindupindu kilikuwa kimetoka kuwapunguza. Tufani iliyoangusha miti ilizidisha haja ya watu wa kuipanda tena, na bei nzuri ya karafuu ikaizidisha haja hiyo Pemba kuliko pote.

Wakati huohuo London watu walikuwa wakizisoma barua za Livingstone zilizoletwa na Stanley, na habari za mauaji aliyoyaona Nyangwe. Serikali ya Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere. Alifika Zanzibar Januari 1873, na madai yake yalikuwa kupiga marufuku kabisa kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko. Seyyid Barghash alikataa, na katika hoja zake kubwa ilikuwemo tufani: kwamba visiwa vimeangamia, mashamba yameanguka, na kuwanyima wenye mashamba watumwa katika mwaka kama ule ni kuwamaliza. Aliomba muda.

Tuitazame hoja hii kwa uadilifu. Kwa upande mmoja ilikuwa kweli. Hakuwa akisingizia. Manowari zake zilikuwa mchangani na hazina yake haina kitu, na aliyekuja kumshinikiza alijua hivyo. Sultani asiye na meli hawezi kubishana sana na dola yenye meli. Kwa upande mwengine, muda aliouomba ungelipwa na watu ambao hawakuulizwa. Kila mwaka wa muhula ungekuwa mwaka wa majahazi yenye watu chini ya sitaha. Nimeisoma hoja hiyo nikiwa kijana na nikaiona ni ya mtawala aliyeonewa. Nimeisoma tena nikiwa mzee na naona yote mawili, kwamba alionewa, na kwamba aliyoyaomba hayakuwa haki.

Frere aliondoka bila ya mkataba. Kirk akabaki, akiwa na tishio la kuizingira Zanzibar kwa meli, na tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash akatia saini. Soko la Mkunazini likafungwa. Lakini haja ya mashamba haikufungwa pamoja nalo. Magendo ya watumwa kuelekea Pemba yaliendelea kwa miaka, vihori na majahazi yakivuka usiku kutoka Mrima. Waingereza waliiweka manowari London kwenye bandari ya Zanzibar kuwavizia, na Disemba 1881 nahodha wake, Kapteni Brownrigg, aliuawa baharini karibu na Pemba na watu wa jahazi alilolisimamisha. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika visiwa hivi mpaka 1897. Maana yake ni kwamba mikarafuu mingi ya Pemba tuliyochezea chini yake utotoni, miti ya zamani mirefu, ilipandwa katika miaka hiyo 25 na watu ambao majina yao hayamo katika hati yoyote ya rehani. Karatasi ya babu yetu imehesabu minazi mmoja mmoja. Watu haikuwataja.

Yaliyofuata

Wote waliopanda baada ya tufani walipanda kwa pamoja, na miti yao ikazaa kwa pamoja. Ilipofika miaka ya 1880 na 1890 karafuu zilijaa sokoni tena na bei ikashuka, na waliokopa kwa kutegemea bei ya miaka ya tufani wakajikuta deni limebaki na faida imekwenda. Hivyo ndivyo tufani moja ilivyofilisi mara mbili: kwanza kwa kuangusha miti, kisha kwa kuifanya yote iwe na umri mmoja.

Baharini nako pengo lilizibwa. Mwishoni mwa 1872 kampuni ya British India ilianza safari za barua kila mwezi baina ya Aden na Zanzibar, na kwa safari hizo nchi ikafungika zaidi na Bombay na London. Seyyid Barghash hakukaa mikono kifuani. Alijenga upya kundi la meli zake, na katika hizo alimuagizia fundi wa Uingereza meli iliyoitwa Glasgow, ikakamilika 1878. Meli hiyo iliyokuja kuziba pengo la tufani ilizamishwa katika bandari ileile tarehe 27 Agosti 1896, kwa mizinga ya Waingereza, katika vita vile vifupi vya Seyyid Khalid bin Barghash. Kwa miaka mingi milingoti yake ilionekana imechomoza majini mbele ya mji.

Hapa kwetu Oman tunazijua tufani kwa karibu zaidi. Juni 1890 tufani iliipiga pwani ya Maskati na Batina ikaua mamia ya watu. Juni 2007 Gonu ilipita Ras al-Hadd na Sur ikapanda mpaka Maskati, na 2010 ikaja Phet. Usiku wa Gonu nilikuwa hapa Sharqiya, wadi zikivuma gizani, na kijana wa jirani alinijia akaniuliza, "Ami, huko Afrika mliwahi kuona kama hii?" Nikamwambia mimi sikuona, lakini mimi ni mtoto wa moja kama hii. Hakunifahamu, na mimi sikuwa na nafasi ya kumfafanulia. Makala hii ndiyo jawabu yake, imechelewa miaka mingi.

Nawaomba wasomaji jambo moja. Masanduku yetu ya Sinaw, Ibra, Mudhaibi, Sur na Nizwa bado yana karatasi za miaka ya 1289 mpaka 1295 Hijria: rehani, mauzo, wasia, hesabu za mashamba. Zitazameni kabla mchwa hawajamaliza. Shamba lililouzwa Unguja na jingine likanunuliwa Pemba baada ya miaka miwili mitatu ni ushahidi wa tufani hata kama neno lenyewe halikuandikwa. Na ikiwa katika wasia limetajwa jina la mtumwa aliyeachwa huru, au la mjakazi aliyezaa katika nyumba, lisirukwe katika nakala kwa kuona haya. Huenda ni mahali pekee duniani ambapo jina hilo limeandikwa. Karatasi yetu sisi haina jina hata moja la namna hiyo. Nimeigeuza mbele na nyuma mara nyingi kuhakikisha.